Siku Ulizokaa Maine

Bristol, Connecticut
Jumapili, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Normand,

Salamu nyingi kwako na kwa mkeo Diane, nikitumaini theluji haijawafungia mlango. Huku imeanguka ya kuchafua viatu tu. Nyonga yangu inauma nikipanda ngazi na inauma nikishuka, kwa hiyo nimehamishia kitanda sebuleni na paka amefurahi kuliko mimi.

Pale maktaba tumeshaanza msimu. Kila Jumanne na Alhamisi nakaa mezani nawajazia wazee wenzangu ritani za kodi, na malipo yangu ni biskuti. Nimechoka kabla hata ya Februari. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi hii kwa mshahara, nikastaafu, na sasa naifanya bure. Usinicheke.

Mama anaendeleaje? Siku ya Krismasi nilipiga kwake huko Maine ukapokea wewe, ukasema amelala. Saa nane mchana. Haya.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kila mwaka makaratasi yako yananifikia mwishoni mwa Januari, na safari hii sijaona kitu. Najua kiwanda kilifungwa Mei na najua hupendi kukizungumzia. Lakini ulipokea mafao ya kukosa ajira, na mafao yana karatasi yake inayotoka ofisi ya kazi ya Maine. Naitaka hiyo pamoja na karatasi ya mshahara wa miezi minne. Usiifanye alamisho ya kitabu kama ulivyofanya mwaka ule.

Dada yako,
Claudette


Gorham, New Hampshire
9 Februari 2025

Dada Claudette,

Barua yako ilifika, na biskuti zako za maktaba zimenifanya nione njaa. Sisi hatujambo. Diane hajambo. Theluji imefika dirishani, na greda likipita linaturudishia ile tuliyokwisha kuiondoa. Mama yupo, anakula, anakusalimia.

Nimekutumia karatasi ya mshahara. Ile ya mafao sijaileta kwa sababu haihitajiki. Mimi ni mtu wa New Hampshire, Dada, na sisi jimbo letu halitozi kodi ya mshahara, unajua vizuri, ndiyo maana baba yake Diane alijenga upande huu wa mpaka. Nilipokuwa kiwandani Maine walinikata kila wiki nikanyamaza, maana kazi ilikuwa kwao. Lakini mafao si mshahara. Sikufanya kazi yoyote Maine. Nilikuwa nimekaa jikoni kwangu New Hampshire naangalia ukuta. Sasa Maine wanitoze kodi kwa kuangalia ukuta wangu mwenyewe? Roland, tuliyekuwa naye kiwandani, na wenzake wote pale klabu wanasema hivyohivyo, na hakuna hata mmoja wao aliyeyaandika.

Mafao yaandike kwenye ritani ya taifa tu, hiyo ya Maine iwe na mshahara peke yake. Na usihangaike sana na nyonga.

Mdogo wako,
Normand


Bristol
17 Februari 2025

Normand,

Salamu kwenu nyote. Paka alitapika kwenye slipa zangu asubuhi ya leo, basi unaweza kukisia nimeamka vipi.

Huyu Roland ni yule aliyekuambia injini ya boti inaweza kwenda na mafuta ya kupikia? Nauliza tu.

Nisikilize, maana sina nguvu ya kulieleza mara mbili. Yale mafao umeyapata kwa sababu ulifanya kazi Maine miaka ishirini na sita. Kiwanda kilikuwa Maine, na aliyekulipa ni Maine. Kwa hiyo Maine inayahesabu kuwa pato lililotoka kwake, na wewe unayaandika kwenye ritani ya asiye mkazi, pamoja na ule mshahara. Hawaulizi ulikuwa umekaa jikoni kwa nani. Kosa lenu watu wa mpakani ni lilelile kila mwaka, mnadhani kulala New Hampshire ni dawa ya kila kitu. Roland na wenzake watapata barua mwaka wa pili au wa tatu, na faini juu, kwa sababu ofisi ya kazi na ofisi ya kodi zinapeana habari.

Lete karatasi. Mwisho ni tarehe 15 Aprili.

Kuna na jambo dogo. Fomu ya asiye mkazi inauliza ulikaa Maine siku ngapi mwaka jana, kwa shughuli yoyote. Kwa shughuli yoyote, ndivyo ilivyoandikwa. Nihesabie. Hata siku uliyoingia kwa saa moja tu na kutoka ni siku.

Mwambie Mama nitampigia Jumapili. Au niambie wewe ni saa ngapi huwa hajalala.

Claudette


Gorham
9 Machi 2025

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mambo yalikuwa mengi. Huku jua limeanza kutoka mchana, na watu wameshaning'iniza ndoo kwenye miti ya mepo wakisubiri utomvu wake mtamu wa kuchemshia shira. Diane amepata mafua yakapita. Mama anakusalimia. Usimpigie Jumapili, simu ya jikoni inakwaruza sana siku hizi, nitaitengeneza.

Karatasi ya mafao hii hapa. Umeshinda. Roland nimemwambia, akasema dada zangu wote ni wanasheria. Nikamwambia ninaye mmoja na ananitosha.

Siku za Maine: 14. Pasaka, siku ya kuzaliwa ya Mama, Krismasi, na zile za kumpasulia kuni. Andika hiyo tupumzike.

Samahani na karatasi hii, za kuandikia zimeniishia nikachukua iliyokuwa karibu.

Normand


Bristol
16 Machi 2025

Normand,

Leo sina salamu ndefu. Nipo, paka yupo, mvua inanyesha.

Siku kumi na nne? Mwaka jana kuanzia Januari hadi tarehe 3 Mei ulikuwa ukienda kiwandani kila siku, na kiwanda kiko Maine. Au ulikuwa ukifanya kazi kwa simu? Zile tu ni siku themanini na nane, nimezihesabu kwenye karatasi yako ya mshahara.

Hilo ni la kucheka. Haya mengine si ya kucheka.

Karatasi yako ya mafao inasema dola elfu nane mia nane na arobaini. Ulishaniambia kwa wiki walikuwa wakikupa mia tano na ishirini. Nikigawanya napata wiki kumi na saba. Ulikuwa na haki ya wiki ishirini na sita. Wiki ya kumi na saba inaishia mwisho wa Agosti. Kazi hukupata, ungeniambia, na karatasi ya mshahara mwingine hakuna. Kwa nini uliacha kudai, Normand? Na tangu Septemba umekuwa ukila nini?

Halafu kuna ile karatasi uliyoniandikia. Umeandika nyuma ya ukurasa wa Novemba wa kalenda ya parokia. Kalenda ile naijua. Imening'inia pembeni ya jiko la kuni la Mama tangu sijaingia darasa la kwanza, na kila asubuhi Mama anaandika humo baridi ya siku hiyo na idadi ya safu za kuni zilizobaki. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuigusa. Baba aliwahi kuandika siku ya mechi ya hoki humo, akanyimwa chakula cha jioni.

Nimeigeuza nikaisoma. Tarehe moja Novemba, kwa mwandiko wa Mama: digrii 32 za Farenhaiti, baridi ya kugandisha maji. Tarehe mbili: 32. Tarehe tatu: 32. Ya nne, 32. Ya tano, 32. Kuni safu sita, kila siku safu sita, ingawa jiko lilikuwa likiwaka. Kuanzia tarehe sita mwandiko ni wako, zile herufi zako kubwa za kiwandani, mpaka tarehe thelathini. Hakuna siku iliyorukwa.

Unanichukulia mimi ni nani? Nimesoma makaratasi ya watu maisha yangu yote, nikawakamata waliokuwa wakificha mitumbwi na wanawake. Nitumie kalenda yote. Sitatia sahihi yangu kwenye namba ya uongo, hata ikiwa ni ya ndugu yangu.

Claudette


(Kadi ya posta, picha ya daraja lenye paa)

24 Machi 2025

Dada, nimepata barua yako. Nipe siku chache. Nitaandika.
N.


Gilead, Maine
30 Machi 2025

Dada Claudette,

Unaona nimeandika wapi juu. Sina haja ya kuandika Gorham tena. Ninakuandikia nikiwa mezani kwa Mama, saa tano asubuhi. Yeye yuko dirishani anawahesabu ndege, na akifika saba anaanza upya.

Nitakwambia kama lilivyo. Mwanzoni nilikuwa nakuja siku moja moja, kuni, dawa, mfereji wa paa. Mwezi wa nane Thérèse Arsenault, jirani yake, alinipigia akasema Mama ametoka kwenda misa ya saa moja asubuhi, na ilikuwa Jumatano, na kanisa limefungwa miaka mitatu. Alimkuta amekaa kwenye ngazi za mlango wa kanisa na kitabu chake cha sala. Tangu tarehe moja Septemba nalala kwenye kochi, karibu na mlango wake. Diane anakuja Jumatano na Jumapili analeta chakula na kuchukua nguo zangu za kufua. Kwangu nakwenda kwa saa mbili tatu, kuangalia mabomba yasigande. Diane amechoka na mimi nimechoka, na hatuna hata nguvu ya kugombana.

Kuhusu mafao. Kila Jumapili unatakiwa ujaze kwenye kompyuta kwamba wiki iliyopita ulikuwa tayari kufanya kazi, wakikuita unakwenda. Hadi Agosti nilikuwa tayari kweli. Nilipiga simu, nilipeleka maombi, kwenye daftari langu nimeandika na majina ya watu niliozungumza nao. Lakini Jumapili ya pili ya Septemba nilifika kwenye swali hilo, na Mama alikuwa nyuma yangu ananiuliza kama Armand amerudi kazini. Baba amekufa miaka kumi na tisa. Nikajiuliza, wakiniita kesho nitakwenda? Sitakwenda. Basi sikujaza ndiyo. Nikafunga kompyuta na sikudai tena. Nimeuza pikipiki ya theluji na ile boti. Tumeishi.

Sikukuambia kwa sababu Mama alinikataza wakati akili bado inakuja na kuondoka. Alinishika mkono hapa hapa mezani. "Usimwambie Claudette. Atakuja na yale makaratasi yenye picha za wazee wanacheka, anitoe kwangu." Nikamwapia. Ulipokuja ile mara ya mwisho na yale makaratasi ya makao ya wazee, Dada, ulisema maneno na yeye akasema maneno, na mimi nilikuwa nje napasua kuni ili nisisikie. Nilisikia yote. Tangu hapo hujaja.

Na jambo lingine. Wanasema pale klabu kwamba ukipitisha nusu ya mwaka Maine unakuwa mtu wa Maine, wanakutoza kila kitu. Ndiyo maana niliandika kumi na nne. Niliogopa wakijua mimi ni wa hapa watajua na mengine, atakuja mtu wa serikali na faili kumwangalia Mama, halafu ndiyo mwisho.

Kalenda hii hapa, kurasa kumi na moja, ya Novemba unayo. Siku nilizokuwa hapa nimeziwekea duara. Nirudishie, tafadhali. Akiikosa atauliza.

Normand


Bristol
5 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma kalenda kuanzia Januari. Nimekaa nayo siku mbili mapajani na paka amekasirika.

Nianze na kazi. Hesabu yako imetoka hivi: themanini na nane za kiwandani, thelathini na moja za kuja kwa Mama kati ya Pasaka na Agosti, na miezi minne yote ya mwisho. Jumla siku mia mbili arobaini na moja. Namba hiyo ndiyo nimeandika. Sasa sahau ya Roland. Ile nusu ya mwaka, siku mia na themanini na tatu, inambana mtu mwenye makazi yake mwenyewe Maine mwaka mzima. Wewe makazi yako ni Gorham, kwa Diane, na huko kwa Mama una kochi. Nimesoma maelezo mara tatu na nimempigia simu mtu wa ofisi yao ya kodi, mama mmoja mpole, akasema hivyohivyo. Wewe bado ni asiye mkazi. Mshahara umeandikwa, mafao ya wiki kumi na saba yameandikwa, na kwa kuwa kwenye mafao hukukatwa chochote, utadaiwa kidogo. Kidogo kabisa. Fomu haina mahali pa kueleza ulikuwa ukifanya nini hizo siku zote, na hakuna atakayekuja na faili. Weka sahihi pale nilipobandika karatasi ya njano.

Sasa langu.

Nilijua, Normand.

Agosti iliyopita, tarehe kumi na moja, nilimpigia Mama. Akapokea mwenyewe. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema, "Wewe nani?" Nikasema, "Claudette." Akaniambia kwa adabu sana, ile adabu yake ya kuongea na watu wa benki, "Samahani bibi, watoto wangu wako shule, piga jioni." Nikasema asante nikakata simu. Sikukwambia wewe, sikumwambia mtu yeyote. Nilijiambia alikuwa amelewa dawa. Halafu kila mara nilipopiga nikawa namuomba Mungu upokee wewe, na ukisema amelala nafurahi. Umesikia? Nafurahi. Nilikuwa nakuandikia maneno ya kuchoma kuhusu saa nane mchana, na rohoni nilikuwa nashukuru. Kwa sababu nikijua ningelazimika kuja, na nikija ningemkuta ana hasira na mimi, au ningemkuta hanijui, na sikujua lipi baya zaidi.

Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake jambo lilelile. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa ukilificha huku unamlisha.

Baada ya kumaliza fomu yako nilikaa nikajijazia swali lile mimi mwenyewe, pembeni ya gazeti, ingawa mimi hakuna anayeniuliza. Siku ulizokaa Maine mwaka 2024, kwa shughuli yoyote. Sifuri. Mwaka 2023, sifuri. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona katika maisha yangu.

Tarehe kumi na tano namaliza na wazee wa maktaba. Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, ile ya kuamkia Pasaka, nakuja. Jirani amekubali kumchukua paka. Naleta nguo za mpaka miti ichanue na za baada ya hapo. Sileti karatasi yoyote yenye picha. Wewe utarudi kwako ukalale kitandani na mke wako, na Jumatatu ukatafute kazi ukiwa tayari kweli. Akinifukuza nitakaa kwa Thérèse, nitarudi asubuhi, atakuwa amesahau kwamba alinifukuza. Huo utakuwa utani wangu wa kwanza kuhusu ugonjwa huu, na nimelia nikiuandika.

Kalenda nimeifunga kwa kadibodi isikunjike.

Dada yako,
Claudette


Gilead
11 Aprili 2025

Dada,

Nimetia sahihi, nimeweka hundi, bahasha ya Maine nimeipeleka posta mwenyewe leo asubuhi, na nimechukua risiti kama ulivyonifundisha. Kalenda imefika salama.

Kuhusu Agosti, usijilaumu peke yako. Mimi pia kuna siku nilikaa kwenye gari nje ya mlango huu nusu saa nzima, injini inawaka, sitaki kuingia. Siku hizo nazo nimezitia duara.

Theluji imebaki nyuma ya banda tu. Njia ni matope matupu, kwa hiyo liache gari lako kwa akina Arsenault uje kwa miguu, taratibu, na hiyo nyonga yako. Diane anakushukuru. Hakusema, lakini alipanguza friji yote.

Jana wakati wa chai nilimwambia Mama kuna mgeni anakuja.

"Nani?"

"Claudette."

"Claudette yupi?"

"Binti yako, Mama."

Akakoroga chai yake muda mrefu. Mimi ananiita Armand, au yule wa kuni, na juzi aliniuliza kama nimeshalipwa ili niende zangu. Halafu akasema, kwa sauti yake ya zamani kabisa, ile ya kukemea, "Mwongo wewe. Claudette hawezi kuja kabla ya tarehe kumi na tano. Ana watu wake wa kodi."

Nikamwambia, "Ndiyo maana anakuja tarehe kumi na tisa."

"Hiyo Jumamosi," akasema. "Basi loweka maharage Ijumaa. Usisahau, anapenda yenye nyama ya nguruwe nyingi."

Kwa hiyo nitaloweka. Dakika kumi baadaye aliniuliza ni nani anakula maharage yote hayo, lakini alisema, Dada, nilimsikia mwenyewe.

Kalenda ya Aprili nimeijaza mpaka leo. Digrii 44, mvua, kuni safu mbili na nusu. Ya tarehe kumi na tisa sijaigusa wala sitaigusa. Ukifika, kabla hujavua koti, angalia kipimajoto cha dirishani uandike wewe.

Normand